Wangalishinda Je? Swali Ambalo Tamthilia Zetu Zimelikwepa

Lugha yetu ina kiambishi maalumu cha mambo ambayo hayakutokea na hayawezi tena kutokea: -ngali-. Wangalishinda, tungalikuwa, asingalikufa. Huku kwetu Boko hakitumiki sana, mtu husema "wangeshinda" na mambo yakaisha, lakini kwenye vitabu vya sarufi bado kipo na kila mmoja wetu amekikariri. Swali langu katika makala haya ni hili: iweje lugha yenye kiambishi hicho iwe na fasihi ya kihistoria ambayo karibu haigusi kabisa maana yake?

Namaanisha ule mtindo ambao wenzetu wa Ulaya wameuzoea, wa kuchukua vita iliyopiganwa kweli, kugeuza matokeo yake, kisha kuandika dunia ambayo ingalifuata. Wafaransa wana Asterix, katuni ya Goscinny na Uderzo iliyoanza mwaka 1959. Humo Julius Caesar ameiteka Gaul yote isipokuwa kijiji kimoja. Katika historia kijiji hicho hakikuwepo. Vercingetorix alisalimu amri pale Alesia mwaka 52 K.K. na habari ikaishia hapo. Kinachonivutia mimi ni kwamba kichekesho chenyewe kimeandikwa kwa Kifaransa, mtoto wa Kilatini. Yaani Wagauli wanamshinda Mrumi kwa lugha iliyozaliwa na ya Mrumi! Jambo hili tuliweke akilini, nitalirudia.

Sisi kijiji chetu kilikuwepo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikivamia kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Nyundo mwenyewe aliuawa, na pamoja naye maofisa wenzake na askari wapatao mia mbili na zaidi. Bunduki na mizinga ikachukuliwa. Ngome ya Kalenga haikuanguka hadi Oktoba 1894, na Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kwa hiyo hapa katikati pana miaka mitatu mizima ambapo Mjerumani alikuwa ameshindwa, na mtu aliyeishi Kalenga mwaka 1892 hakuwa na sababu ya kuamini kwamba angerudi na kushinda.

(Daladala zetu za kutoka Boko hupita Lugalo kila siku. Kondakta akilitaja jina hilo, abiria hufikiria hospitali ya jeshi. Wachache wanajua kwamba kambi ile iliitwa Colito, jina la mahali ambapo jeshi la KAR la Waingereza lilipigana huko Ethiopia mwaka 1941, na kwamba jina hilo likafutwa baada ya maasi ya wanajeshi ya 1964. Serikali ilijua kuutumia ushindi ule. Waandishi je?)

M. Mulokozi aliandika Mukwava wa Uhehe (1979), na kwa kweli tunamdai shukrani kwa kumpandisha Mkwawa jukwaani kwa Kiswahili. Lakini tamthilia hiyo, kama nyingi za rika lake, inafuata njia ambayo msomaji anaijua kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Wahakiki wetu husema huo ndio uhalisia. Mimi sikubali. Anayeijua 1898 wakati anaandika 1891 anawanyima wahusika wake kitu walichokuwa nacho kweli, yaani mwaka kesho usiojulikana.

Aliyekaribia zaidi, kwa maoni yangu, ni Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969). Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ikiwa changa mno. Wa Hussein anaishi hadi watu wake washindwe, kisha yuko kifungoni akitakiwa akane maji, naye anakataa. Hiyo tayari ni -ngali-. Ila si hapo penye uzito. Uzito uko pale Kinjeketile anapotambua kwamba Hongo, katika ahadi ile ile ya ushindi, amesema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Jamani, hebu tusimame hapo! Mtu anahangaika kumtoa bwana mmoja, halafu anagundua kwamba ushindi wenyewe una bwana mwingine ndani yake. Wengi hupapitia haraka ili wawahi mjadala wa maji na imani. Kumbe ni mahali pekee nipajuapo katika tamthilia zetu ambapo mhusika anajiuliza ushindi ungemfanya awe nani.

Sasa lichukueni swali hilo mlipeleke Kalenga. Dola ya Wahehe haikuwa kijiji cha Asterix. Munyigumba na mwanawe Mkwawa waliijenga kwa kupiga majirani. Wasangu wa Merere walikuwa wamefukuzwa na Wahehe kutoka nchi yao, na ndiyo maana walisimama upande wa Wajerumani. Tumezoea kuwaita vibaraka na kugeuza ukurasa. Lakini Mkwawa angalishinda moja kwa moja, wangalirudi wapi hao?

Na lugha je? Kiswahili kilifika bara na misafara kabla ya Mjerumani, hilo halina ubishi, lakini aliyekifanya lugha ya shule, ya ofisi na ya maakida ni Mjerumani. Tamthilia inayomsifu Mkwawa kwa Kiswahili iko palepale alipo Asterix. Katika nchi ambayo Kalenga haikuanguka, huenda ningekuwa naandika makala haya kwa Kihehe, au nisingekuwa na sababu ya kumfahamu Mkwawa hata kidogo, mimi mtu wa Pwani. Kuna watakaosema maswali haya yanamtetea mkoloni. Hapana. Yanawapa watu wa 1892 uzito wa watu kamili, wenye maadui wao na mipango yao, badala ya kuwafanya watangulizi wetu tu.

Nikiulizwa nani awe mhusika mkuu wa tamthilia hiyo, simchagui Mkwawa. Namchagua Msangu mmoja, mwaka 1895, ambaye ameletewa habari kwamba Wajerumani wamepakia vitu vyao Bagamoyo na hawarudi tena.