Watu wa Visiwani na Kalamu za Magazeti

Miaka hii magazeti, redio na televisheni za nchi nyingi hutupasha habari za watu wahamao makwao kwa sababu ya kubadilika kwa tabia ya nchi: bahari yapanda, mvua zakosa, dhoruba zazidi. Habari hizo ni za maana sana, wala hatuwalaumu waziandikao. Lakini namna ziandikwavyo yatupasa kuipima, kwa maana msomaji huwahukumu watu asiowaona kwa maneno aliyopewa, na hukumu hiyo baadaye huwa sheria ya mpakani.

Na tuangalie habari za Tuvalu, nchi ya visiwa tisa vidogo katika bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Novemba 2023 serikali yake ilipatana na Australia, na mapatano yakaanza kutumika Agosti 2024. Kwa mapatano hayo watu 280 kila mwaka huchaguliwa kwa kura wapate ruhusa ya kukaa Australia. Kura ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 2025, watu zaidi ya 8,000 waliandikishwa, wao na jamaa zao, yaani sehemu kubwa ya taifa. Magazeti yakatangaza kwamba karibu nchi nzima yataka kukimbia. Habari hiyo ina hesabu ya kweli na maana isiyo kweli. Ruhusa ile haimlazimishi mtu kuhama. Aipataye aweza kwenda kusoma au kufanya kazi, kisha akarudi kwao apendapo. Tena mapatano yale yale yatamka kwamba Tuvalu itadumu kuwa dola hata bahari ikipanda. Mtu atafutaye mlango wa pili hajasema ya kuwa nyumba yake ameiacha.

Mfano mwingine ni wa Ioane Teitiota wa Kiribati, ambaye waandishi wengi walimtangaza kuwa mkimbizi wa kwanza wa tabia ya nchi. Alikwenda New Zealand mwaka 2007, baadaye akaomba ukimbizi, akakataliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu nayo ilimkatalia, akarudishwa kwao. Shauri lake likafika mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na uamuzi ukatangazwa Januari 2020. Vichwa vya habari vikashangilia kana kwamba ameshinda. La, alishindwa tena. Kamati ilikubali tu kwamba yaweza kutokea siku ambapo kumrudisha mtu mahali palipoharibiwa hivyo ni kuivunja haki yake ya kuishi. Neno hilo ni kubwa, lakini yeye halikumfaa. Na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 haumtaji mtu aliyefukuzwa na bahari wala na ukame. Basi msomaji wa vichwa vya habari huamini kwamba ulinzi upo tayari, na wale wapasao kuutunga hawaulizwi na mtu.

Hesabu nazo zina hila yake. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilieleza kwamba kufika mwaka 2050 watu hata milioni 216 huenda wakahama kwa sababu hizi. Hesabu hiyo ilienea mbio, lakini mambo mawili aghalabu huanguka njiani: kwamba watu hao watahama ndani ya nchi zao wenyewe, na kwamba serikali zikifanya bidii mapema, hesabu yaweza kupungua hata kwa asilimia 80. Bila maneno hayo, mkulima wa Afrika aliyeacha shamba kavu akahamia mji wa nchi yake hugeuzwa mtu abishaye hodi Ulaya.

Wala sisi waandishi na wasomaji wa Kiswahili hatukusalimika. Husema “wimbi la wahamiaji” na “mafuriko ya wakimbizi” bila kufikiri. Tazameni ajabu ya lugha hiyo: aliyeyakimbia maji aitwa maji! Na maji hayaulizwi jina wala shauri, hujengewa ukuta.

Labda mtu atasema, “Bila picha za kutisha mataifa makubwa hayataamka.” Neno hilo lina nguvu, nasi hatulikatai lote. Mwaka 2021 Simon Kofe, waziri wa Tuvalu, aliuhutubia mkutano wa Glasgow kwa picha iliyopigwa hali amesimama baharini, amevaa suti na tai, maji yamemfika magotini. Picha ile ilitisha kweli, ikaenea duniani pote. Lakini ndani yake mwenye kisiwa ndiye aliyesema, akaitetea nchi yake. Tofauti yake na picha ya mtoto asiye na jina, aliyesimama kimya ufukweni, ni kubwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi alalaye juu yake na aulizwe kwanza.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu, msomapo habari hizi pamoja na wanafunzi, waulizeni: Nani anenaye hapa? Watu hawa wahama kutoka wapi kwenda wapi? Wametaka kuondoka, au wametaka kubaki nao wakanyimwa msaada wa kubaki? Gazeti lisilojibu swali la mwisho limeacha nusu ya habari, na hiyo ndiyo nusu ambayo bado yaweza kutendewa kazi.