Lishe kwa Lugha ya Shosho

Mtaalamu wa lishe ninayemsifu hapa ni mzaliwa wa Taita. Alipopangiwa kazi katika zahanati moja ya Sagana, Kigikuyu chake kilikuwa salamu tu. Leo ajuza akiketi mbele yake, humwuliza taratibu, "Cũcũ, ũrĩĩte kĩĩ ũmũthĩ?" Shosho, umekula nini leo? Kisha hunyamaza, asubiri jibu lote.

Na jibu lote huchukua muda. Shosho huanza na chai, halafu akakumbuka nduma, halafu mukimo wa jana uliopashwa moto. Mwingine angeandika "wanga" na kuita mgonjwa anayefuata. Huyu huuliza: mukimo ulipondwa na ndizi mbichi au waru tupu? Majani ya malenge yalitiwa? Kwenye githeri, maharagwe yalikuwa mangapi kwa mahindi? Na chai ile ilitoka kwenye thamosi? Swali hilo la thamosi nalienzi mno. Shosho mwenye kisukari anaweza kuapa, na akawa mkweli, kwamba hajagusa kijiko cha sukari tangu aamke, kumbe mkaza mwana aliitia yote sufuriani alfajiri, chai ikamiminwa kwenye thamosi ya kunywewa mpaka jioni. Hakuna kipimo cha damu kitakachokwambia hayo.

Maneno aliyapata sokoni, kwa akina mama wanaouza mboga, akinunua fungu la terere na la managu huku akiyarudia majina mpaka wakaacha kumsahihisha. Ni wao pia waliomfunza adabu ya kuyatumia. "Nyihia cumbĩ," punguza chumvi, halirushwi tu kwa mtu aliyekuzidi umri. Kwanza umwulize habari za mvua, za ng'ombe, za wajukuu.

Wageni wamejifunza Kigikuyu tangu zamani. Arthur Barlow wa misheni ya Waskoti alichapisha kitabu cha sarufi ya lugha hiyo mwaka 1914. Mwaka 1931 watafiti Orr na Gilks wakachapisha London utafiti wa lishe ya Wagikuyu na Wamasai, ambamo vyakula vya wazee wetu vilihesabiwa kwa makini. Lakini utafiti ule ulikuwa wa kusomwa na wengine, si na waliokula vyakula hivyo, na mazoea hayo hayajatutoka. Nimeona karatasi ya ushauri iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye picha ya brokoli, ikitiwa mkononi mwa mama ambaye terere imejiotea yenyewe nyuma ya jiko lake. Aliikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba pamoja na dawa. Nani atamsomea?

Labda mjukuu, na hapo ndipo moyo unaponiuma zaidi. Nilimsikia kijana mmoja, mzaliwa wa hapa hapa, akimtafsiria nyanya yake. Ajuza alitaja terere, managu na togotia, akaeleza ipi huchemshwa na ipi huchanganywa na maziwa. Kijana akasema, "Anakula mboga." Mtaita ndiye aliyemrudia shosho na kuzitaja zote tatu, moja baada ya nyingine, akiuliza kila moja hutiwa chumvi kiasi gani. Kijana alikuwa amekwisha kutoa simu yake. Siku yule binti wa Taita atakapoondoka Sagana, kijana huyo ndiye atakayebaki kumsemea bibi yake, na togotia haijui hata kwa kuiona.