Neuland: herufi zilizochongwa bila kuchorwa

Nembo ya filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ina herufi nene, zenye kingo zisizonyooka sawasawa, kama zilizotolewa kwenye gogo kwa shoka. Asili yake ni Neuland, fonti iliyotolewa mwaka 1923 na Klingspor, kiwanda cha kusubu herufi za chapa mjini Offenbach, Ujerumani. Mtengenezaji wake, Rudolf Koch, alikuwa bingwa wa hati za kalamu, na alipenda ukurasa uliokolea wino kama ule wa hati za Kijerumani za zamani.

Ukwaru huo haukuongezwa baadaye kama pambo. Desturi ilikuwa msanii achore herufi kwenye karatasi, kisha fundi azihamishie kwenye chuma. Koch aliiruka karatasi. Alishika kipande cha feleji akakichonga papo hapo, bila mchoro wa kufuata. Muhuri uliopatikana uligongwa kwenye shaba, shaba ikawa kalibu, na humo ikamiminwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Tupa huenda vizuri kwenye mstari mnyoofu, mviringo huisumbua. Ndiyo maana mapindo ya S yana pembepembe, na unaiona kazi ya mkono hata baada ya miaka mia.

La kunivutia zaidi ni kwamba kila kimo cha herufi alikichonga upya. A ya kimo kidogo na A ya kimo kikubwa ni ndugu wa tumbo moja, lakini si pacha. Toleo la kompyuta linalotokana na mchoro mmoja hupoteza hilo: linakuzwa kutoka kadi hadi bango la barabarani, na kijipengo kilichopendeza kwenye kadi kinakuwa shimo. Ukiitumia kwa ukubwa huo, zirekebishe kingo kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine.

Neuland haina herufi ndogo. Aya nzima itamchosha msomaji. Maneno mawili au matatu yanatosha. Zibane herufi, sogeza mistari karibu, mpaka weupe ulio katikati nao uwe na umbo. Kivuli usiweke.

Kuna matumizi yanayoniudhi kweli. Kwa miaka mingi wachapishaji wa Marekani na Ulaya wameipachika kwenye majalada ya vitabu na matangazo ya safari ili isomeke “Afrika”. Koch hakuchukua chochote huku kwetu. Karne moja na zaidi kabla yake, waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walikuwa wakinakili misahafu kwa kalamu, wakiipamba kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano, kwa utulivu mkubwa wa mkono. Anayetafuta herufi za kuitambulisha pwani aanzie kwenye misahafu hiyo. Neuland ningeiweka kwenye bango la maonyesho ya picha zilizochapwa kwa mbao, mahali ambapo patasi imepita kweli.