Kuisifu Wiski Usiyoipenda

Chupa ya wiski iliyokuvunja moyo ina faida moja ambayo chupa uliyoipenda haina: inakulazimisha uulize kwa nini. Wiski inayokupendeza hunyweka ikaisha, ikasifiwa, ikasahauliwa. Ile isiyokupendeza hubaki kabatini, imepungua toti chache tu, na kila ukifungua mlango iko palepale. Uliilipia pesa nzuri. Muuzaji aliisifu, marafiki waliisifu, na kasha lake lilijaa sifa kila upande. Ni wewe tu uliyeonja ukanyamaza. Ukimya huo ndio ninaoukataa. Kunusa na kuonja ni ufundi wenye mabingwa wake na historia yake, na mnywaji wa kawaida anaweza kujifunza sehemu kubwa ya ufundi huo bila kuajiriwa na kiwanda chochote. Mahali pazuri pa kuanzia ni ile chupa iliyomkera.

Wengi wetu, Nairobi kama Dar es Salaam, hununua Skochi, yaani wiski ya Uskoti, kwa kutazama namba ya miaka, rangi na bei. Kanuni za Skochi za mwaka 2009 zinataka pombe ikae ndani ya pipa la mwaloni, nchini Uskoti, isipungue miaka 3, na ifungwe chupani ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Namba ya miaka kwenye lebo ni ya pombe changa kuliko zote zilizomo. Inakwambia pombe hiyo ilikaa pipani muda gani. Haikwambii pipa lilikuwa la namna gani, wala lilikuwa limekwisha tumika mara ngapi, na hayo ndiyo yanayotengeneza ladha. Rangi nayo haiaminiki, kwa sababu kanuni hizohizo zinaruhusu kutiwa karameli ya rangi. Halafu kuna hali ya hewa. Katika ubaridi wa Uskoti, kiasi cha asilimia 2 ya pombe hupotea pipani kila mwaka kwa kuvukiza, na Waskoti husema hilo ni fungu la malaika. Katika joto la Bangalore, India, malaika huchukua zaidi ya asilimia 10. Kiwanda cha Amrut cha huko kilipoileta wiski yake ya kimea Glasgow mwaka 2004, mlangoni kabisa pa wenye kazi yao, hakikuwa na miaka mingi ya kujivunia. Kilikuwa na wiski iliyokomaa upesi, na wajuzi waliikubali.

Nakumbuka chupa moja ya miaka mingi iliyofunguliwa nyumbani siku ya sherehe. Jina lake silitaji, kwa sababu haikuwa mbovu. Mezani watu waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mimi nilisikia ukakasi: ulimi ulikauka pembeni, fizi zikavutika, na utamu wa matunda ukaja baadaye ukiwa umechoka. Niliirudia jioni nyingine, kidogo kidogo. Nilitia matone ya maji, nikaiacha glasini ikapumua, na ukakasi ukabaki. Ilikuwa tanini ya mwaloni. Kadiri pombe inavyokaa ndani ya pipa lenye nguvu, ndivyo mbao zinavyozidi kuitawala, mpaka nafaka iliyoizaa inafunikwa kabisa. Chupa ile ilinionyesha kwamba napenda wiski ambayo shayiri yake bado inasikika, yaani changa kidogo, kutoka katika pipa lililokwisha tumika. Wiski nilizozipenda kabla ya hapo hazikuwahi kuniambia hivyo.

Ndiyo maana nasema karaha ya ulimi isomwe kama barua. Karibu kila kinachoudhi katika wiski kina chanzo kinachojulikana. Chukua moshi, maana ndio unaowagawa wanywaji kuliko kitu kingine chochote. Kwenye kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, viwanda vya Ardbeg na Laphroaig vya mwaka 1815 na Lagavulin cha 1816 vimepangana kwenye pwani moja ya kusini. Shayiri ya wiski zao hulowekwa ikachipua, kisha hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, yaani mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambayo hukatwa vipande mfano wa matofali, ikaanikwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huo huacha fenoli ndani ya nafaka. Mwaka 1865, katika hospitali kuu ya Glasgow, daktari mpasuaji Joseph Lister alianza kufunga vidonda kwa asidi ya kaboliki ili kuua vijidudu, na asidi ya kaboliki ni fenoli yenyewe. Kwa hiyo mtu akionja wiski ya Islay akasema inanuka hospitali, amenusa barabara. Lakini katika moshi huohuo mna gwayakoli, ambayo ndiyo inayompa samaki wa kukaushwa kwa moshi harufu yake. Aliyekulia Mwanza au Kisumu, moshi wa samaki ukiwa umeingia hadi kwenye nguo, huenda akaipenda tangu siku ya kwanza. Aliyelazwa wodini mara nyingi utotoni huenda asiipende maisha yake yote. Hakuna kati yao anayehitaji kurekebishwa.

Pipa nalo lina mambo yake. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski ya huko, ikomazwe katika chombo kipya cha mwaloni ambacho ndani yake kimechomwa moto hadi kikawa mkaa. Pipa likishatumika mara moja halirudi tena katika kazi hiyo. Huuzwa, na mengi huvuka bahari kwenda Uskoti. Ule moto umekwisha zivunja mbao, zikatoa vanilini yenye harufu ya vanila. Mwaloni wa Marekani pia una laktoni nyingi, ambazo hunukia nazi, na yujenoli, ambayo ndiyo mafuta yanayoifanya karafuu iwe karafuu. Msomaji aliyelelewa Unguja au Pemba, mahali karafuu zinapoanikwa majamvini, pua yake imekwisha soma nusu ya somo hili. Maandishi ya nyuma ya chupa humtajia maua ya milima ya Uskoti na keki za Krismasi za Waingereza. Asiyafuate. Akisikia karafuu na tui la nazi, aseme karafuu na tui la nazi, kwa kuwa vimo kweli.

Mapipa ya sheri, mvinyo wa Jerez huko Hispania, huleta zabibu kavu na utamu mzito, na wako wanaoyaabudu. Wakati mwingine huleta pia harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, kwa sababu salfa huchomwa ndani ya mapipa matupu ili yasiharibike. Ninaowafahamu wamegawanyika kabisa juu ya hili: mmoja hainywi wiski ya namna hiyo hata bure, mwingine haisikii salfa yoyote na anashangaa kelele ni za nini. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walieleza jinsi pua inavyonasa harufu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, na vinatofautiana kati ya mtu na mtu kwa urithi wa damu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mjuzi aliyeipa wiski alama 92 kati ya 100 amesema kweli juu ya pua yake.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari za wiski ni cha nchi nzima iliyoletewa chupa isiyoipenda. Mwaka 1918 kijana Masataka Taketsuru, mzaliwa wa ukoo wa wapika sake, pombe ya mchele, alisafiri kutoka Japani hadi Uskoti kujifunza kutengeneza wiski. Alisoma Glasgow, akafanya kazi viwandani akiandika kila kitu daftarini, na mwaka 1920 akamwoa binti wa Kiskoti, Rita Cowan, wakarudi Japani pamoja. Mfanyabiashara Shinjiro Torii, aliyekuwa ametajirika kwa kuuza mvinyo mtamu, alimwajiri kujenga kiwanda cha Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka, kazi iliyoanza mwaka 1923. Mwaka 1929 wiski yao ya kwanza, Shirofuda, ilifika madukani. Ilifuata mtindo wa Uskoti, na moshi wake ulikuwa mwingi. Wajapani walionja wakaikataa, ikadoda.

Hapo wale wawili waliisoma chupa ileile kwa namna mbili. Torii aliona kwamba wateja wamemwambia jambo. Wanakula vyakula vya ladha nyepesi, na moshi ule unafunika kila kitu mezani. Alianza kutafuta wiski laini, na mwaka 1937 akatoa Kakubin, ambayo ilipendwa na inauzwa mpaka leo. Taketsuru naye hakuona sababu ya kuhama alipokuwa amesimama. Aliupenda moshi, aliujua, na alitaka kuufikisha ukamilifu wake. Mwaka 1934 aliondoka, akaenda kaskazini kwenye kisiwa cha Hokkaido, mji wa Yoichi, penye baridi na ukungu wa bahari, akajenga kiwanda chake. Mitambo ya shaba ya Yoichi bado hupashwa kwa moto wa makaa ya mawe, jambo ambalo karibu viwanda vyote duniani vimeliacha. Kampuni zao, Suntory na Nikka, zote ziko hai, zote zinaheshimiwa. Chupa moja iliyododa ilizaa njia mbili, kwa sababu kila mmoja wao alikubali kuamini alichokionja.

Huo ndio ufundi ninaousifu, na wapo wanaoufanya kila siku ya kazi. Ulianzia katika maduka ya vyakula. John Walker alifungua lake Kilmarnock mwaka 1820, na wenye maduka wa zama zake walikuwa wamezoea kuchanganya majani ya chai ili ladha isibadilike kutoka mwezi hadi mwezi. Watoto wao wakaipeleka kazi hiyo kwenye wiski. Leo mchanganyaji mkuu wa Johnnie Walker ni Emma Walker, asiye na undugu na mwasisi, aliyesomea kemia, na mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Wachanganyaji hupunguza sampuli kwa maji hadi karibu asilimia 20 ya kileo, kwa sababu kileo kikali huitia pua ganzi, kisha hunusa glasi moja baada ya nyingine. Wanakunywa kidogo mno. Pwani yetu inaifahamu kazi ya namna hii: mama anayechanganya udi na marashi, akinusa, akiweka kando, akirudia, akijua kwa hakika lini imekubali. Kwa msomaji ambaye dini yake imemkataza pombe, ufundi wa mama huyo ni uleule, na sifa ni zilezile.

Ukitaka kuujaribu kwa wiski, tumia glasi ndogo iliyobana mdomoni. Mimina kidogo, acha itulie. Usiizamishe pua, ilete polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo, upande mmoja wa pua kisha wa pili. Mara ya kwanza utasikia kileo tu. Ondoa, vuta hewa safi, rudi. Sasa tia matone machache ya maji. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji huisaidia gwayakoli kukaa juu, karibu na uso wa kinywaji, inapoifikia pua kwa urahisi. Onja tone, limeze, kisha toa pumzi puani, maana hapo ndipo sehemu kubwa ya ladha inapopatikana. Andika ulichokisikia kwa maneno ya jikoni kwenu. Asubuhi inuse ile glasi tupu kabla ya kuiosha: kileo kimekwenda zake, na kilichobaki ni mbao, sukari iliyoungua au moshi mtupu. Glasi hiyo kavu imenipa majibu ambayo iliyojaa ilininyima.

Haya yote hayahitaji ulevi. Pua ya mlevi haisikii, na anayemaliza chupa ili asiipoteze pesa yake anapoteza pesa na somo pamoja.

Basi hiyo iliyoko kabatini usiimwage, wala usiifiche ndani ya soda. Ifungue wikendi hii, uwaite wawili watatu unaowaamini, kila mmoja apewe kidogo na aseme kinachomkera kabla hajasikia mwenzake anasemaje. Siku nyingine ukienda dukani, mwambie muuzaji usichokipenda, kwa jina lake: moshi, salfa, ukakasi wa mbao, utamu mwingi. Na kama wiski hiyo inauzwa kwa toti katika baa yoyote ya mjini kwenu, nunua toti kwanza. Mzinga utausubiri mshahara ujao.