Zamu, Kiti na Saa: Jinsi Matatu Zinavyoendeshwa Nakuru

Mji wa Nakuru, ambao reli iliufikia mwaka 1900 na ambao tarehe 1 Desemba 2021 ulitunukiwa hati ya kuwa jiji la nne la Kenya, umebanwa na maumbile pande mbili: kaskazini iko kasoko ya Menengai, na kusini liko ziwa pamoja na hifadhi yake iliyozungushiwa ua; kwa hiyo watu walipozidi, mitaa haikuwa na pa kuenea ila mashariki na magharibi, ikiifuata barabara kuu. Ndivyo Lanet na Free Area zilivyokua upande wa kutokea Nairobi, na Kiamunyi na Ngata upande wa machweo, ilhali Kaptembwo na Rhonda zikisongamana karibu na njia ya Njoro. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi wa mji kuwa zaidi ya laki tano na nusu, na walio wengi kati yao, wasipokwenda kwa miguu au kwa bodaboda au tuktuk, hutegemea matatu za watu binafsi zisizo na ratiba iliyoandikwa popote.

Mgeni akifika kwenye steji za katikati ya mji, akasikia sauti za wapiga debe na kuyaona magari yamejipanga ubavu kwa ubavu, aghalabu huhukumu kwamba hapa hapana utaratibu. Utaratibu upo, tena mkali. Ila umetungwa kumkinga mwenye gari na hasara ya kiti kitupu, wala si kumkinga abiria na hasara ya kungoja. Naona ni wajibu kuueleza unavyofanya kazi, kwa sababu jitihada nyingi za kuurekebisha usafiri wetu zimeshughulika na mahali magari yanaposimama na mistari yanayopakwa, zikaiacha bila kuguswa hesabu inayoyaendesha.

Gari likifika steji huingia katika zamu nyuma ya yaliyotangulia, chini ya usimamizi wa watu wa sacco, na lililo mbele ndilo peke yake lenye haki ya kupakia. Halitoki mpaka kiti cha mwisho kikaliwe. Dereva na makanga kwa kawaida hawana mshahara wa mwezi. Jioni sharti wampelekee tajiri hesabu yake, kiasi kilichokatwa tangu asubuhi, na kabla ya hapo wawe wamekwisha kutia mafuta na kulipa ada za steji na za sacco. Kinachosalia ndicho ujira wao. Madhali hesabu ya tajiri haipungui kwa mvua wala kwa uchache wa watu, kila kiti kiondokacho kitupu hulipwa na mfuko wa dereva na wa makanga, na mwenye insafu hawezi kuwalaumu wawili hao kwa kukataa kuondoka.

Na tufanye hesabu. Lichukue gari la abiria 14, na abiria mmoja afike steji kila dakika: wa kwanza atangoja dakika 13, wa mwisho hatangoja kitu, na kwa wastani kila mmoja atapoteza dakika sita na nusu, jambo linalovumilika. Wasafiri wakipungua, akaja mmoja kila baada ya dakika tatu, kama inavyoweza kuwa saa nne asubuhi katika mitaa ya pembezoni, wa kwanza atangoja dakika 39. Sasa liondoe gari hilo ulete basi la viti 33, ambalo wengi hulisifu kuwa ndilo linaloufaa mji mkubwa: kwa wasafiri walewale, wa kwanza atakaa dakika 96. Serikali ilipotangaza mwaka 2010 nia yake ya kuyaondoa polepole magari ya viti 14, wengi walidhani kwamba kinachoyabakiza barabarani ni ukaidi wa wenye mali. Kumbe maadamu kanuni ni kujaza ndipo uondoke, gari dogo ndilo linalomhurumia abiria wa mtaa wenye watu wachache, na basi kubwa humwadhibu.

Kutoka katika kanuni hiyohiyo huzaliwa mengine tunayoyalalamikia. Kwa kuwa hapana apendaye kuwa wa kwanza kupanda, wako vijana wanaolipwa wakae vitini wakijifanya wasafiri, kisha washuke mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyoingia. Ni hila mbaya, nami naichukia, lakini chanzo chake ni ule mzigo wa dakika 39 aliotwishwa mtu mmoja. Kadhalika matatu iliyojaa Lanet alfajiri hupita Free Area bila kusimama, na aliyeamka mapema kuiwahi kazi yake huziona zikipita moja baada ya moja, kila moja imetimiza sheria yake.

Sheria za nchi nazo zimeikaza kanuni hii pasipo kukusudia. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu kubeba abiria pasipo leseni ya usafiri wa umma, gari liliweza kuondoka nusu na kujazia njiani, hata watu wakaning'inia mlangoni. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na amri kwamba asiwepo abiria asiye na kiti. Kanuni zile zilikuwa za haki kabisa. Lakini ziliwekea kikomo pato la safari moja: kiti kilichotoka kitupu hakikuweza tena kufidiwa kwa halali na abiria wa kusimama huko mbele, na kujaza steji kukawa kwa lazima kuliko zamani. Amri ya mwaka 2010, iliyomtaka kila mwenye matatu ajiunge na sacco au kampuni, iliipa zamu msimamizi anayejulikana. Hesabu ya tajiri ikaachwa ilivyokuwa.

Kisha likaja suala la mahali. Mwaka 2020, katika siku za maradhi ya korona, serikali ya Kaunti chini ya Gavana Lee Kinyanjui iliziondoa matatu katikati ya mji na kuzipa steji pembeni. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2022, Gavana Susan Kihika akaziruhusu kurudi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja: mmoja alitaka barabara zipumue, mwingine alisikia kilio cha wenye maduka na cha wabeba mizigo. Walakini shina la jambo liko katika umbo la njia zenyewe. Karibu kila njia ya Nakuru huanzia mtaani na kukomea mjini, kwa kuwa zamu huhitaji steji yenye msimamizi, na hivyo mtu wa Kiamunyi mwenye kazi Lanet hulipa nauli mbili na kungoja mara mbili. Steji zilipotawanywa pembeni, aliongezewa na mwendo wa miguu kati ya gari na gari; ziliporudishwa, akaondolewa mwendo huo, akabakiwa na kungoja.

Dawa ninayoiona inatokana na umbile lile lile la mji mwembamba uliolala mashariki na magharibi. Ziunganishwe njia mbili ziwe moja, gari litoke Lanet, lipite katikati likishusha na kupakia kwa dakika chache, liendelee mpaka Kiamunyi. Kungoja kwa katikati kutakwisha, na nafasi iliyokuwa ya magari yaliyolala itafunguka bila mtu kufukuzwa. Jambo hili halitawezekana mpaka dereva alipwe kwa safari aliyoikamilisha, si kwa viti alivyovijaza. Kigali ilithubutu mwaka 2013 kuugawa mji wake katika kanda na kuzikabidhi kampuni kwa mkataba, na Katiba yetu ya mwaka 2010 imeuweka usafiri wa umma wa kaunti mikononi mwa kaunti yenyewe, ambayo hukusanya ada kwa kila gari linaloingia steji. Sehemu ya ada hiyo ingetosha kuanzia njia moja, kwa saa za katikati ya asubuhi tu, ambapo viti ni vitupu na kungoja ni kurefu kuliko wakati wote. Kaunti imlipe tajiri pengo la viti vinavyokwenda vitupu, naye akubali gari lake liondoke kila baada ya dakika kumi, limejaa au halikujaa.