Mashine Mbili za Chai

Chukua mashine mbili za kuuza vinywaji. Ya kwanza hupokea sarafu, kisha hukuachia uchague chai au kahawa. Ya pili hupokea sarafu ileile, lakini papo hapo imekwisha kukuamulia kimoyomoyo: chai tu, au kahawa tu. Ukikaa kando ukaandika kila kinachotokea, daftari zako mbili zitalingana neno kwa neno: sarafu, chai, sarafu, kahawa. Mwulize sasa aliyebonyeza kitufe cha kahawa kikakataa kuitika.

Robin Milner wa Edinburgh alishughulika na tofauti hiyo katika kitabu chake cha 1980. Mwaka uliofuata David Park akaipa umbo safi. Michakato miwili ni sawa iwapo inaweza kujibizana kama malenga: huyu akipiga hatua, mwenzake ajibu kwa hatua ileile, na hapo walipofika wajibizane tena. Kila zamu, yeyote kati yao aweza kuanza. Mashine zetu hukwama kwenye zamu ya pili tu.

Ninachokipenda zaidi ni namna ya kuamua kama michakato ni sawa. Paris Kanellakis na Scott Smolka, mwaka 1983, walianza kwa kuzidhania hali zote za mchakato, yaani vituo unavyopitia, kuwa sawa, zimo katika fungu moja, wakagawa pale tu walipolazimishwa: hii yaweza kutenda jambo likaipeleka kwenye fungu lile, jirani yake haiwezi, basi zitengane. Mafungu yakikoma kugawanyika, kazi imekwisha. Robert Paige na Robert Tarjan, mwaka 1987, wakaongeza ujanja: fungu likipasuka, kipande kidogo ndicho kitumike kupasulia mengine. Hata kwa hali milioni 1, hakuna inayopita mkononi kwa kazi hiyo zaidi ya mara 20 na ushei.

Na hapa ndipo huwa natikisa kichwa. Kulinganisha daftari tu, swali lililo legelege zaidi, ndiko kugumu: hulazimu kufuatilia makundi ya hali, na hali 20 tu huweza kuzaa makundi zaidi ya milioni. Anayedai zaidi hujibiwa upesi zaidi!

Ila hali zisipokuwa na kikomo, mambo hubadilika. Petr Jančar alithibitisha mwaka 1994 kwamba kwa nyavu za Petri, aina ya michoro ya michakato ambayo hali zake zaweza kukosa kikomo, hakuna programu iwezayo kuamua daima kama mbili zinalingana. Zikiwa hazilingani, siku moja ufa utaonekana. Zikilingana, utaendelea kungoja.