Uzito wa Losheni Si Uimara Wake

Malighafi za losheni ya mimea ziko karibu na Bwera, Uganda: muhogo wa kutoa wanga na parachichi la kutoa mafuta hulimwa Kasese, na soko la Mpondwe ni jirani. Kazi ngumu ni kuyafanya mafuta na maji yakae pamoja kwenye joto la huko.

Kosa la kawaida ni kuutegemea wanga peke yake. Wanga hufanya maji yawe mazito, matone ya mafuta yakachelewa kupanda, lakini haumudu kuyazuia yasiungane. Kwa kanuni ya Stokes, uzito wa maji ukiongezeka mara 2, kasi ya tone hupungua kwa nusu. Kipenyo cha tone kikipungua kwa nusu, kasi hushuka hadi robo. Basi kwanza tupasue matone na kuyafunika, ndipo tuongeze uzito.

Kufunika ni kazi ya gundi ya mgunga, inayopatikana Karamoja. Sukari zake zimeshikamana na protini: protini hung'ang'ania mafuta, sukari hubaki majini. Kipimo cha wafamasia wa zamani kingali kinafaa: mafuta sehemu 4, maji 2, gundi 1. Kwa losheni ya gramu 100, gramu 5 za gundi kavu husagwa kwenye mafuta gramu 20, maji gramu 10 humiminwa kwa mpigo, kisha hutwangwa bila kupumzika mpaka rojo liwe jeupe na kutatarika.

Pembeni, gramu 3 za wanga wa muhogo hupikwa katika maji gramu 57 hadi kupita nyuzi 70, punje zivimbe. Ukipoa, huongezwa kwenye rojo kidogo kidogo pamoja na gliserini gramu 5. Wanga huu una amilosi kidogo kuliko wa mahindi, hivyo uji wake hauachi maji upesi.

Hatari kubwa inabaki: wanga ni chakula cha bakteria na kuvu. Vimeng'enya vyao huukata, na losheni iliyokuwa nzito huwa nyepesi. Ikibadilika hivyo, itupwe. Kihifadhi cha sodiamu benzoeti husaidia iwapo pH iko chini ya 5, kwa hiyo pH ipimwe na kurekebishwa kwa asidi ya sitriki. Anayetaka kuuza aipeleke ikapimwe katika shirika la viwango la Uganda, UNBS, lililoko Bweyogerere. Ngozi ya mteja inastahili ushahidi huo.